Amalize Kwanza Mchezo

Mpira mweupe ulirudi nyuma, na haukupaswa kurudi.

Mwalimu Mudathir alikuwa ameugonga juu ya kitovu chake, upana wa kidole kimoja kutoka katikati, kama alivyougonga mara nyingi zisizohesabika kwenye meza hii ya pool katika banda la Hussen, Mlandizi. Mpira ukigongwa pale una tabia moja tu: ukifika kwenye mpira wa mbele unasita kidogo, kisha unaufuata. Ukigongwa katikati, unasimama palepale. Ukigongwa chini, ndipo unapojivuta kurudi. Alikuwa akiwafundisha hivyo wanafunzi wake wa kidato cha tatu kila mwaka, kwa mchoro ubaoni, na hakuwahi kuona mpira ukibishana na mchoro.

Mpira wa njano uliingia shimo la kona. Mweupe ukasita. Kisha ukaanza kurudi polepole, bila kuyumba, ukaupita mkono wake uliokuwa bado juu ya kitambaa, ukasimama shubiri moja kutoka shimo la kati, upande wa kushoto.

"Hiyo umejifunzia wapi, mwalimu?" aliuliza Lusajo. Huyu alikuwa mtu wa Mbeya, muuza vipuri vya pikipiki ng'ambo ya barabara, mchezaji wa pili kwa ubora pale bandani. Wa kwanza alikuwa mwalimu. "Miezi minne hujagusa fimbo, unarudi na mazingaombwe."

"Mazingaombwe gani," alisema Hussen kutoka kwenye kiti chake. "Kauchapa chini. Wewe macho yako yanaangalia barabarani, unasubiri mtu apasukiwe tairi."

"Ni kweli," alisema Mudathir. "Niliuchapa chini."

Uongo ulimtoka kwa wepesi, na wepesi huo ndio uliomshtua. Aliangalia saa. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini, na kivuli cha banda kilikuwa kimejikunja chini ya bati lake.

Mahali mpira uliposimama alipajua. Angeweza kupaonyesha gizani.

*

Mkewe, Mwanajuma, aliyemfika begani tu, alikuwa mtu wa Kibuta, Kisarawe, na alipoolewa alikuja na mgeni. Ndivyo walivyomwita nyumbani kwao: Mgeni. Alikuwa jini wa ukoo, aliyerithiwa kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu, na haki yake ilikuwa ndogo. Kila Alhamisi baada ya alasiri alifukiziwa ubani kidogo kwenye chetezo cha udongo na kuambiwa maneno machache kwa sauti ya chini. Mudathir, mwenye shahada ya fizikia, hakuamini wala hakukataza.

"Mgeni wako huyu miaka sita anakaa tu," alikuwa akimtania. "Hata kuni hatafuti."

"Mcheke," Mwanajuma alimjibu, akipepea makaa. "Ipo siku utachelewa kwenye hiyo meza yenu, nitamtuma akulete."

Moyo wa Mwanajuma haukuwa mzima. Katika mwaka wa sita wa ndoa yao ulizidi kuchoka, akaenda Kibuta kwa mama yake kupumzika. Alikaa huko wiki mbili. Jumamosi ya wiki ya tatu, saa saba mchana, alifariki.

Waliokuja kumpa pole Mudathir walisikia maelezo yaleyale waliyoyasikia wakwe zake: kwamba simu yake ilikuwa imezima kwa kuishiwa chaji, kwamba alipoiwasha ndipo habari ikamkuta. Watu walitikisa vichwa, wakasema ni kudra.

Lakini simu ilikuwa na chaji. Ilikuwa juu ya ukingo wa meza, karibu na shimo la kati, bila mlio, ikitetemeka tu. Jina la Hamidu, shemeji yake, lilionekana wazi kwenye kioo, na Mudathir alilisoma. Alibakiwa na mpira mmoja mwekundu, kisha mweusi wa kumaliza. Njia ilikuwa nyoofu: mwekundu shimo la kati, mweupe usimame, halafu mweusi shimo la kona. Mapigo mawili. Dakika moja.

"Pokea simu, mwalimu," Lusajo alisema siku ile. "Mimi nangoja."

"Iache ilie."

Hakuchagua njia nyoofu. Watu walikuwa wamejazana bandani, Lusajo alikuwa na mipira minne mezani, na ilikuwa tamu kumwona akitafuta njia asiipate. Mudathir akaugusa mweupe taratibu, akauficha nyuma ya mweusi. Lusajo akakosa. Watu wakacheka. Simu ikatetemeka mara ya pili, na Mudathir akauficha mpira tena. Ikatetemeka mara ya tatu. Alipouingiza ule mwekundu hatimaye, ilikuwa ikitetemeka mara ya nne, ikijisogeza yenyewe juu ya mbao, kidogo kidogo, kama mdudu anayetafuta ukingo, mpaka ikaanguka sakafuni. Mweupe ulikuwa umesimama shubiri moja kutoka shimo la kati. Kwake ulikuwa umebaki mweusi peke yake.

Aliinama kuiokota ilipoita mara ya tano. Hiyo akaipokea. Nyuma ya Hamidu wanawake walikuwa wakilia.

Mchezo ule haukumalizwa.

*

Siku ya pili baada ya mpira kurudi, Mudathir alikuja bandani na pimamaji ya maabara ya shule. Aliiweka juu ya kitambaa mahali saba. Meza ilikuwa sawa, haina mteremko wa hata unywele.

"Unataka kuinunua?" Hussen alimuuliza.

"Naangalia tu."

"Mwalimu, meza haijainama. Aliyeinama ni wewe. Nenda ukapumzike."

Alicheza peke yake. Aliugonga mweupe juu, ukarudi. Aliugonga katikati, ukarudi. Aliugonga ubavuni ili ugeuke kwenye ukingo, ukageuka kama ulivyopaswa, kisha ukabadili mawazo, ukaja palepale. Alipoegemeza kiganja kwenye mbao aliusikia mtetemeko. Aliingiza mkono mfukoni. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu shuleni. Mbao zikatetemeka, zikanyamaza. Zikatetemeka tena. Akahesabu mpaka nne. Baada ya nne kulikuwa na kimya, na katika kimya hicho ilikuja harufu ya kafuri na karafuu. Ilikuwa harufu ya chumba cha Kibuta ambamo wanawake walikuwa wamemwosha Mwanajuma, naye akasimama nje ya pazia akiulizwa na kila aliyepita, "Ilikuwaje, baba?" naye akimjibu kila mmoja, "Simu ilizima."

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Ilikuwa Alhamisi. Chetezo cha Mwanajuma kilikuwa kwenye rafu, mahali alipokiacha, na hakuna aliyekigusa tangu msiba. Alikishika ili akiweke mbali. Kilikuwa cha moto.

Akafungua kasha la nguo za Mwanajuma, kwa sababu alitaka kuona kitu kilichobaki kama kilivyokuwa, na hapo juu, kwenye kanga ya kwanza, palikuwa na doa la bluu, duara, dogo, sawasawa na alama inayoachwa na ncha ya fimbo iliyopakwa chaki. Akaiondoa kanga hiyo, na ya pili yake ilikuwa na doa mahali palepale, na ya tatu, na ya nne, na alipoinua ya tano iliyokuwa safi alihisi kwamba mtu amesimama nyuma yake mlangoni, hana haraka, hapumui kwa nguvu, amesimama kama mtu aliyepewa kazi ya kusubiri na anayeiweza, na kisha, kutoka uani, jua likiwaka, kuku wakitafuta punje, akaitwa.

"Mudathir."

Mlandizi nzima ilimwita mwalimu. Jina lake lilikuwa kinywani mwa wanawake wawili tu, na mmoja, mama yake, alikuwa amekufa zamani. Ni huyo mama aliyemfundisha, kama kila mtoto wa Gwata, kijiji chao, alivyofundishwa: ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike mwito wa kwanza. Mtu ataita tena.

Alinyamaza, kanga ikiwa mikononi. Hakuitwa tena.

*

Sada wa Gwata alikuwa akipalilia ufuta Mudathir alipofika. Walikuwa wamekua pamoja. Yeye alisoma mpaka darasa la saba, akarithi mkoba wa uganga wa shangazi yake, na watu walimletea wagonjwa wa majini kutoka mbali. Alimsikiliza akiwa ameegemea jembe. Mudathir alimweleza juu ya mpira, mbao, kanga na sauti. Juu ya simu hakumweleza.

"Huyo hafukuzwi," alisema Sada.

"Kwa nini?"

"Wa kufukuzwa ni aliyekuja mwenyewe. Huyo katumwa. Mtu akituma mtoto dukani, halafu yule mtu afe, mtoto bado yuko dukani." Alipangusa jasho. "Marehemu alikuwa na mgeni?"

"Alikuwa naye."

"Kamtuma kwako, hakuwahi kumwita arudi. Sasa kamtuma na maneno gani, mimi sijui. Wenyewe wako Kibuta. Nenda kwa mama mkwe wako, umweleze ilivyokuwa. Yote. Mwenye jini hamwiti jini wake kwenye habari nusunusu."

"Hakuna njia nyingine?"

Sada alisimika jembe chini. "Kwani kwa mkwe wako kuna nini?"

Mudathir aliaga, akakaa siku tisa bila kwenda Kibuta. Katika siku hizo tisa, kila saa saba mchana, popote alipokuwa, kitu cha mbao kilitetemeka karibu naye: dawati, fremu ya mlango, mpini wa jembe. Siku ya tisa ilikuwa meza ya walimu, na Adventina, mwalimu wa historia, aliinua daftari zake, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, simu yako." Mudathir akafungua kinywa kumwambia imezima. Akakifunga. Jioni hiyo alitia mafuta pikipiki.

*

Mama mkwe wake, Mwanaamina, alikuwa akibangua korosho uani. Alipoamkiwa shikamoo alijibu marahaba bila kuinua uso, kama ilivyo adabu kati ya mama na mkwe wake wa kiume, akamwita Hamidu atandike mkeka. Mudathir alikaa pembeni ya mkeka, akielekea mlango, asimtazame. Waliletewa mihogo na chai. Alitendewa kama alivyotendewa siku zote arobaini za msiba, kwa upole.

"Mama," alisema, "nimekuja na neno la aibu."

"Sema, baba."

"Siku ile simu yangu haikuzima. Ilikuwa mbele yangu. Niliona jina la Hamidu. Nilikuwa nacheza pool. Ningeweza kumaliza kwa mapigo mawili nikapokea, nikauficha mpira ili nimcheke mwenzangu. Nilifanya hivyo mara mbili. Iliita mara nne na nikaiacha." Aliutazama mkeka. "Sina kingine cha kuongeza. Ndivyo ilivyokuwa."

Korosho iliendelea kupasuka chini ya jiwe. Moja, nyingine. Hamidu alikuwa amesimama karibu na mtungi, mgongo umegeuka.

"Tulijua," alisema Mwanaamina.

Mudathir hakuelewa.

"Simu iliyozima haiiti, shemeji," alisema Hamidu, bado ameelekea mtungi. Hakupandisha sauti. "Ukiipiga, yule dada anakwambia haipatikani. Yako iliita. Mara nne iliita mpaka ikakatika yenyewe. Nilikuwa nimeiweka sauti ya nje ili dada yangu asikie."

Miezi minne. Walimlisha, wakamtandikia, wakamwombea dua mbele ya watu, na kila alipoirudia habari ya chaji, mbele ya majirani, mbele ya shehe, walikuwa wameinamisha nyuso zao kwa ajili yake. Alidhani ilikuwa huzuni.

"Mbona hamkusema?"

"Tungesema nini?" Mwanaamina aliuliza. "Ulikuwa umeshajivika ile nguo. Tukuvue mbele za watu?"

Alisogeza jiwe. Sasa alizungumza polepole, kama mtu anayehesabu hatua gizani.

"Nitakwambia alichosema. Iliponyamaza ya nne, Hamidu alitaka kupiga tena, akamzuia. Akasema, yuko mezani, mwacheni. Kisha akageukia ukutani, akamwambia Mgeni. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini nilikuwa nimemshika kichwa, nikasikia. Alisema: nenda kwa Mudathir. Usimsumbue. Msubiri amalize kwanza mchezo wake, halafu umlete." Aliokota korosho nyingine. "Hakuwa na hasira, baba. Ndiyo maana sikukwambia. Hasira ungeiweza."

Mudathir aliitazama mikono yake. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na vumbi la bluu, na hakuwa ameshika chaki ya fimbo kwa siku tisa.

"Ule mchezo sikuumaliza," alisema.

"Basi anakusubiri."

"Anilete wapi, mama? Yeye hayupo tena hapa."

Mwanaamina aliinuka, akaingia ndani, akatoka na chetezo na makaa, akatia ubani. Moshi ulipanda wima, kwa kuwa hapakuwa na upepo. Aliita kwa jina ambalo Mudathir hakuwahi kulisikia, akasema: aliyekutuma ametangulia, kazi imeondolewa, rudi nyumbani kwenu upumzike. Alirudia mara saba. Mara ya saba moshi uliinama upande wa Mudathir, ukakaa hivyo kidogo, ukanyooka.

"Nimemwita," alisema, akifunika chetezo. "Kama amesikia nitajua mimi. Kama hakusikia utajua wewe."

*

Kwa wiki tano meza ilitii sheria. Mpira uliogongwa juu ulifuata, wa chini ulirudi, wa katikati ulisimama. Mbao zilinyamaza. Mudathir alipata usingizi, akafua zile kanga nne, madoa yakatoka.

Lakini alipocheza hakuugusa mpira mweusi. Aliingiza yake yote, kisha ulipobaki huo peke yake akaishusha fimbo, akasema, "Umeshinda."

"Nimeshinda nini?" Lusajo alilalamika. "Mweusi uko mdomoni mwa shimo, hata kwa chafya unaingia. Tutakuita Mwalimu Nusu Mechi."

"Niite."

"Hunioneshi dharau kweli wewe? Kama siku ile ya..." Lusajo akakata maneno. Hakuwahi kuitaja siku ile. Sasa alitazama sakafu, akarudi dukani kwake kwa kisingizio cha mteja.

Ilikuwa Jumamosi. Hussen alikuwa amekwenda kula. Mudathir alibaki peke yake chini ya bati, fimbo ikiwa bado mkononi. Alipoitazama meza aliona walichokipanga bila kujua: mweusi kwenye mdomo wa shimo la kona, mweupe shubiri moja kutoka shimo la kati, upande wa kushoto. Nje, kivuli cha banda kilikuwa kimekwisha.

Mbao zikatetemeka. Aliweka kiganja juu yake, kwa upole, kama mtu anavyomwekea mkono mgonjwa. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne. Harufu ya kafuri ikaja, na ndani yake ubani wa Alhamisi, na chini ya ubani harufu nyingine ndogo, ya mafuta ya nazi ya nywele za Mwanajuma. Mtu alikuwa amesimama nyuma yake, mahali palepale anaposimama anayesubiri zamu, na Mudathir alijua kwamba mtu huyo angeweza kusubiri mwaka huu na mwaka ujao, katika kila meza na kila mlango, bila kunung'unika na bila kumsumbua, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa na mwanamke aliyekuwa akifa na ambaye hata hapo alimpa mumewe nafasi ya kumaliza.

Angeweza kuitundika fimbo. Angeweza kuuficha mpira tena. Alikuwa fundi wa kuuficha. Alichukua chaki, akapaka ncha, akainama. Njia ilikuwa nyoofu. Aliugonga mweupe katikati kabisa ya kitovu chake.

Mweusi uliingia. Mweupe ukasimama palepale, hata haukutikisika. Mweusi ukabingirika ndani ya tumbo la meza, safari ndefu kuliko inavyokuwa, ukatulia.

"Mudathir."

Alilikumbuka fundisho la mama yake. Aliitundika fimbo kwenye msumari wake, akafuta chaki vidoleni kwa leso.

"Labeka," aliitika, na hakungoja mwito wa pili.

Lusajo aliusikia mpira ukianguka akiwa ng'ambo ya barabara. Aliinua macho. Alimwona mwalimu akitokea nyuma ya banda, akishika njia ya kuelekea mto Ruvu kwa miguu, taratibu, pikipiki yake imeachwa na ufunguo ndani. Alikuwa peke yake. Kichwa alikuwa amekiinamisha kidogo upande wa kushoto, kama anavyoinamisha mtu anayetembea na mwenzake aliye mfupi kuliko yeye, asije akakosa hata neno moja.